Filamu Ipi Ina Utata Kuliko Zote? Kwanza Tuulizane: Utata wa Nani?

Umeme ulikatika picha ikiwa katikati, Jumamosi usiku, kwenye kibanda cha video pale Mwanga, hapa Kigoma. Mwenye kibanda akatoka kwenda kuwasha jenereta, jenereta likagoma. Tukabaki kwenye mabenchi watu kama ishirini, giza totoro, harufu ya migebuka ya kukaanga ikituingilia kutoka kwa mama anayepika mlangoni. Ndipo kijana mmoja wa bodaboda akauliza, ili mradi muda uende: "Hivi jamani, duniani kote, filamu gani ina utata kuliko zote?"

Dakika kumi baadaye tulikuwa tunapigiana kelele. Mwalimu mmoja wa sekondari alisema hakuna cha kubishana, ni ile filamu ya mapanki, maana ilimfanya Rais wa nchi asimame kuijibu. Fundi cherehani mmoja, mzaliwa wa Burundi aliyekulia kambini Kasulu, akasema Hotel Rwanda. Mzee wa Ujiji aliyevaa baraghashia akasema ninyi watoto hamjui kitu, ni The Message, picha ya habari za Mtume, ambayo watu walitekwa kwa bunduki Marekani kwa sababu yake. Mwanafunzi wa chuo aliyekuja likizo alikuwa na orodha nzima kichwani, filamu za damu na za uchi, alizozisoma kwenye simu. Umeme uliporudi, hakuna aliyetaka kuendelea na picha.

Nimelibeba swali lile tangu siku hiyo, na nimejiridhisha kwamba wote wanne walikuwa na haki. Kila mmoja alikuwa anajibu swali lake. Ubishi haukuisha kwa sababu neno tulilokuwa tunalitumia, utata, limebeba mambo mengi kwa mpigo.

Ukishuka Kibirizi asubuhi, mitumbwi ya dagaa ikisharudi, utawakuta wavuvi wamekaa mchangani wanatatua nyavu. Uzi uliotatana hauvutwi kwa nguvu, ukiuvuta fundo linakaza. Mvuvi anaukunjua taratibu kwa vidole, anatafuta ncha moja, anaifuata mpaka inapoishia, ndipo anashika nyingine. Neno letu limetoka huko huko: tata, tatiza, tatua. Tunaposema filamu ina utata tunakuwa tumeshika nyuzi kadhaa kwa mkono mmoja. Kuna kile wakuu walichoifanyia, yaani kuipiga marufuku au kuikata. Kuna kile inachokionyesha. Kuna namna picha zenyewe zilivyopatikana, kamera iliposimama na nani alilipia gharama. Na kuna yaliyotokea mitaani baada ya watu kutoka ukumbini. Filamu moja inaweza kuwa na fundo kwenye uzi mmoja tu, nyuzi nyingine zikawa zimenyooka kabisa.

Marufuku ndiyo ncha rahisi kushika, ndiyo maana wengi huanzia hapo. Filamu imezuiwa nchi ngapi? Hesabu, panga, mshindi huyu hapa. Lakini marufuku hutueleza zaidi habari za aliyeizuia. Kwetu Tanzania ipo Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, na Bodi ya Filamu ndiyo inayokagua filamu na kuipangia umri wa watazamaji kabla haijaonyeshwa hadharani. Jirani zetu Wakenya wana bodi yao, na mwaka 2014 iliizuia The Wolf of Wall Street, mwaka uliofuata ikaizuia Fifty Shades of Grey. Aprili 2018 ikaizuia Rafiki, filamu ya Wanuri Kahiu kuhusu mapenzi ya wasichana wawili wa Nairobi, wakati huo huo filamu hiyo ikiwa imechaguliwa kuonyeshwa kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, ya kwanza kutoka Kenya kupata nafasi hiyo. Septemba mwaka ule ule Mahakama Kuu ikaondoa zuio kwa siku saba, na kumbi za Nairobi zikajaa. Siku saba zilipokwisha, zuio likarudi. Filamu ilikuwa ile ile siku ya sita na siku ya nane. Kilichobadilika ni karatasi.

Kuna na marufuku ambayo haikuwepo. Waingereza walikaa miaka ishirini na zaidi bila kuweza kuitazama A Clockwork Orange ya Stanley Kubrick kihalali, na wengi waliamini serikali ndiyo iliyoipiga marufuku. Aliyeiondoa kwenye kumbi, mwaka 1973, ni Kubrick mwenyewe, familia yake ilipokuwa inapokea vitisho. Haikurudi mpaka alipofariki mwaka 1999. Ufaransa nayo, kwa miaka kadhaa, haikutaka wananchi wake waione The Battle of Algiers, filamu ya Gillo Pontecorvo iliyopata tuzo ya Simba wa Dhahabu kwenye tamasha la filamu la Venice mwaka 1966. Inaonyesha jinsi jeshi la Ufaransa lilivyotesa watu Algeria. Mfaransa aliiona ina utata mkubwa. Mualgeria aliyepitia mateso yale hakuwa na utata wowote, aliona maisha yake.

Na hapa kwetu marufuku hukutana na kibanda. Filamu nyingi tulizozitazama utotoni zilikuja zikiwa na sauti ya Lufufu au msimuliaji mwingine juu yake, anatafsiri, anaongeza chumvi, anampa mhusika jina la mtaa fulani wa Dar es Salaam. Filamu ambayo kwingine imezuiwa kwa sababu ya matusi yake hutufikia bila hata tusi moja la asili, maana msimuliaji kaweka maneno yake. Sasa utata wa matusi umekwenda wapi? Naliuliza kwa dhati, kwa sababu linaonyesha kwamba hata kile tunachokiita "filamu yenyewe" hakiko sawa kila kinapofika.

Nimrudie mzee wa Ujiji, kwa sababu mfano wake ndio ulionifungua macho zaidi. The Message, au Ar-Risala kwa Kiarabu, iliongozwa na Moustapha Akkad, Msiria aliyekuwa anaishi Marekani, ikatoka mwaka 1976. Inasimulia kuzaliwa kwa Uislamu, na kwa heshima ya dini, Mtume hajaonyeshwa wala sauti yake haisikiki. Kamera inasimama mahali ambapo yeye angesimama, wengine wanamtazama na kuzungumza naye, jibu halisikiki. Akkad aliipiga mara mbili, kwa Kiingereza Anthony Quinn akicheza Hamza, na kwa Kiarabu Abdullah Gheith akiwa na nafasi hiyo hiyo. Alitafuta ushauri wa wanazuoni, lakini upinzani ukamfuata tu. Walianza kupiga picha Morocco, wakalazimika kuondoka kwa shinikizo la Saudi Arabia, wakaimalizia Libya kwa fedha za Gaddafi.

Kisha Machi 1977, filamu ilipokuwa inaanza kuonyeshwa Marekani, kikundi cha watu wenye silaha kilivamia majengo matatu Washington na kushika mateka zaidi ya mia moja. Watu wawili walipoteza maisha. Kiongozi wao alikuwa na kisasi kizito, familia yake ilikuwa imeuawa miaka minne kabla, na hilo ndilo lililokuwa juu kwenye madai yake. Lakini miongoni mwa madai yale lilikuwemo hili: ile filamu isionyeshwe. Kulikuwa kumevuma uvumi kwamba Anthony Quinn anamwigiza Mtume. Kuitazama filamu kwa dakika chache kungetosha kumwonyesha mtu kwamba si kweli.

Akkad mwenyewe aliuawa Novemba 2005, yeye na binti yake, katika milipuko ya mabomu hotelini Amman, iliyofanywa na watu waliodai kuupigania Uislamu ule ule alioutengenezea filamu. Mwaka 2018 Saudi Arabia, baada ya miongo minne ya kuikataa, ikaruhusu ionyeshwe kwenye kumbi zake.

Na Ujiji? Mzee alituambia kwamba wakati kanda ya video inafika kwao, masheikh walibishana kama inafaa. Wengine walisema masahaba hawaigizwi, basi. Wengine walisema watoto wajifunze. Leo, alisema, Ramadhani ikiingia, wajukuu zake wanaitazama sebuleni baada ya futari, na hakuna anayekumbuka kwamba iliwahi kubishaniwa. Bilal anapopanda juu ya Kaaba kuadhini, bibi yao hulia kila mwaka. Filamu haijabadilika hata sekunde moja. Kwa hiyo utata haukuwa umelala ndani ya utepe unasubiri. Ulikuwa kati ya filamu na watu, mahali fulani, mwaka fulani. Ukisema filamu "ina" utata, umesema nusu. Nusu ya pili ni kwa nani na lini.

Mwalimu wa sekondari naye ana lake, na hili linatugusa Watanzania moja kwa moja. Mtengenezaji wa filamu kutoka Austria, Hubert Sauper, alitoa mwaka 2004 filamu ya hali halisi inayoitwa Darwin's Nightmare, aliyoipiga Mwanza. Huku nyumbani hakuna aliyehangaika na jina hilo, ikawa filamu ya mapanki. Kwa asiyejua, mapanki ni kinachobaki cha sangara baada ya kiwanda kuchukua minofu: kichwa, uti wa mgongo, mkia. Sangara hakuwa samaki wa Ziwa Victoria, alipandikizwa miaka ya 1950 na 1960, akala samaki wengi wa asili, kisha akawa biashara kubwa ya kwenda Ulaya. Filamu inaonyesha ndege kubwa za mizigo zikitua Mwanza kubeba minofu, na inarudia swali moja: zinakuja na nini? Rubani mmoja, mwishoni, kwa shida, anasimulia kwamba aliwahi kupeleka zana za kivita Angola. Hakuna bunduki inayoonekana ikishushwa Mwanza. Swali limeachwa wazi, na mtazamaji anatoka na jibu ambalo hakupewa.

Filamu ile ikashinda tuzo Ulaya na ikateuliwa kugombea Oscar ya filamu za hali halisi mwaka 2006. Mwaka huo huo Rais Jakaya Kikwete aliilaani hadharani, na Mwanza watu wakaandamana kuipinga. Mwandishi wa habari Mtanzania aliyehojiwa ndani yake alipata misukosuko. Ufaransa mwanahistoria mmoja, François Garçon, aliandika kitabu kizima kumshambulia Sauper, na alipodai kwamba watoto walilipwa waigize, Sauper akamshtaki kwa kumchafulia jina na mwaka 2008 mahakama ya Paris ikampa Sauper ushindi.

Sasa angalia nyuzi zilivyosokotana. Wazungu walikuwa wanabishana kama Sauper amethibitisha habari ya silaha. Serikali yetu ilikuwa na hofu ya soko la samaki na jina la nchi. Lakini mwalimu, ambaye miaka ile alikuwa anafundisha Mwanza, alituambia jambo ambalo sijalisoma popote. Alisema majirani zake hawakuumizwa na habari ya ndege. Waliumizwa na ile sehemu ya mama anayeanika mapanki kwenye vichanja, funza wakitambaa chini kwenye tope, kamera imekaa pale haiondoki. "Walitupiga picha tukila," alisema, "hawakutuuliza hicho chakula tunakionaje." Kigoma hakuna anayeona haya kula kichwa cha samaki. Mgeni akipewa kichwa cha kuhe amepewa heshima. Kumpiga mtu picha anakula, ukaifanya sahani yake kuwa ushahidi wa maafa, ni jambo linalouma hata kama kila picha ni ya kweli.

Mimi nimeitazama mara mbili. Naamini Sauper alikuwa na uchungu wa kweli, na kwamba biashara ile ilikuwa na dhuluma ndani yake ambayo sisi wenyewe hatukuwa tunaisema kwa sauti. Naamini pia kwamba aliacha swali la silaha lifanye kazi ambayo ushahidi wake haukuweza kuifanya. Mambo haya mawili yanakaa pamoja. Ubishi wa kweli huwa hivyo: watu wawili wenye nia njema wametazama picha ile ile, wameelewa vizuri, na bado hawapatani.

Hotel Rwanda ni utata wa aina nyingine kabisa, kwa sababu ulikuja baada ya filamu. Terry George aliitoa mwaka 2004, Don Cheadle akicheza Paul Rusesabagina, meneja aliyehifadhi watu zaidi ya elfu moja katika Hôtel des Mille Collines, Kigali, wakati wa mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Dunia ilimpokea Rusesabagina kama shujaa, mwaka 2005 Rais Bush akamvisha nishani. Wakati huo hakuna aliyeiita filamu yenye utata. Ilikuwa filamu ya kumfunza mtoto wema.

Kisha baadhi ya watu waliokuwemo hotelini wakaanza kusema hadithi haikuwa hivyo, kwamba walitozwa fedha, kwamba sifa zimewekwa kwa mtu mmoja wakati waliookoa walikuwa wengi. Wengine waliokuwemo mle mle walimtetea. Rusesabagina akawa mkosoaji mkubwa wa Rais Kagame. Agosti 2020 alipanda ndege akidhani inakwenda Burundi, akajikuta Kigali mikononi mwa vyombo vya dola. Septemba 2021 akahukumiwa miaka 25 kwa makosa ya ugaidi, katika kesi iliyolalamikiwa sana nje ya Rwanda, na Machi 2023 akaachiwa, akarudi Marekani. Leo ukiitazama filamu ile, huwezi kuitazama kama mwaka 2004. Wafuasi wake wanaona mtu aliyeonewa, wapinzani wake wanaona hadaa ya Hollywood, na filamu yenyewe imebaki vile vile na nyimbo zake.

Mkoani kwetu hili si habari ya mbali. Kambi ya Nyarugusu ipo Kasulu tangu mwaka 1996, na watu wa Burundi na Kongo ni majirani, wateja, wakwe. Fundi cherehani hakuzungumza kwa hasira. Alikuwa anachezea futi yake ya kupimia, anaizungusha kidoleni na kuifungua. Alisema yeye si Mnyarwanda na hana ushahidi wa hoteli ile. Tatizo lake lilikuwa jingine. "Kwenye picha ukikimbia na ukamfuata mtu mwema, unafika," alisema. "Sisi tulikuwa na watu wema wengi. Hatukufika." Hakuna orodha ya filamu zenye utata itakayoandika sababu hiyo, na mimi naiona nzito kuliko kesi ya mahakamani. Filamu inayogeuza maafa kuwa safari ya mtu mmoja hodari humwacha aliyepona bila ushujaa akijiuliza alikosea wapi.

Kuna uzi ambao sisi kwenye mabishano ya kibandani huwa hatuushiki, nao ni namna picha ilivyopatikana. Chukua Last Tango in Paris ya mwaka 1972. Wakati inatoka ubishi wote ulikuwa juu ya uchi, na mwaka 1976 mahakama ya Italia iliamuru nakala ziteketezwe. Maria Schneider, binti wa miaka kumi na tisa wakati wa kupiga picha, alikuja kusema kwamba katika ile sehemu ya kubakwa, alifanyiwa jambo ambalo hakuambiwa mapema, na kwamba machozi yake yalikuwa ya kweli. Mkurugenzi wake, Bernardo Bertolucci, alikiri mwaka 2013, binti mwenyewe akiwa amekwisha kufariki. Majaji wa mwaka 1976 walitaka kuchoma filamu kwa kuwalinda watazamaji. Aliyehitaji ulinzi alikuwa mbele ya kamera, na hakuna aliyemuuliza.

Kwenye uzi huo huo ipo Africa Addio ya Waitaliano Jacopetti na Prosperi, ya mwaka 1966, na hii Mtanzania yeyote anayejali historia anapaswa kujua ni kitu gani. Walizunguka Afrika miaka ya mwanzo ya uhuru wakikusanya picha za vurugu, kisha wakaziunganisha ili zisimulie jambo moja: mkoloni kaondoka, Mwafrika kaharibu. Walipiga picha Zanzibar kutoka angani wakati wa mapinduzi ya Januari 1964, zinazoonyesha makaburi ya pamoja na miili ya watu. Kwa baadhi ya waliopoteza jamaa zao, zile ni picha ambazo hawana nyingine, ushahidi kwamba ndugu zao waliuawa. Kwa wengine, picha zilizopigwa na watu waliokuja wakiwa na hukumu mfukoni haziwezi kuaminiwa hata zikionyesha ukweli. Jacopetti alishtakiwa nyumbani kwao kwa tuhuma kwamba huko Kongo mauaji yalisogezwa yafuate matakwa ya kamera, akaonekana hana hatia. Berlin Magharibi vijana walivamia ukumbi kuizuia. Mimi siwezi kumwambia mtu aliyepoteza baba asiziangalie picha zile. Naweza kusema tu kwamba sauti ya msimuliaji wake, iliyojaa dharau, si lazima aikubali pamoja nazo.

Ukinilazimisha kutaja moja kwa kigezo cha madhara, nitataja The Birth of a Nation ya D. W. Griffith, mwaka 1915. Inawaonyesha Ku Klux Klan, kundi la Wazungu wabaguzi wa Marekani, kama mashujaa na watu weusi kama wanyama wa kuogopwa. Chama cha NAACP, cha kutetea haki za watu weusi Marekani, kikiwa na umri wa miaka sita tu, kilipambana nayo mji kwa mji. Rais Woodrow Wilson aliionyeshwa ikulu. Na Klan, iliyokuwa imekufa kwa zaidi ya miaka arobaini, ilifufuliwa mwaka huo huo huko Georgia, wafufuaji wakitumia joto la filamu hiyo. Hakuna filamu ya damu kwenye orodha ya yule mwanafunzi inayoweza kusimama mbele ya hilo. Lakini vijana wanaosomea filamu bado wanaitazama, kwa sababu ustadi wake wa kuunganisha picha uliwafunza wengi. Hilo ndilo linaloifanya iume zaidi.

Kuna filamu ambazo haziko kwenye orodha yoyote, na hizi ndizo zinazoninyima usingizi. Mkutano wa Stanley na Livingstone ulifanyika Ujiji, mwaka 1871, mwendo wa bodaboda tu kutoka kibanda kile. Hollywood iliutengenezea filamu mwaka 1939, Spencer Tracy akiwa Stanley. Inamwacha Stanley akirudi Afrika kama mrithi wa kazi njema ya mzee wake. Aliyoyafanya baadaye Kongo, ng'ambo ya ziwa hili, kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, hayamo. Wala hakuna aliyeandamana.

Na ipo The African Queen ya John Huston, ya mwaka 1951, iliyompa Humphrey Bogart Oscar yake pekee. Inapendwa na kila mtu. Meli ya Kijerumani inayozamishwa mwishoni imetokana na kumbukumbu ya Graf von Götzen, ambayo sisi tunaijua kwa jina la Liemba: iliundwa Papenburg, ikaletwa vipande vipande kwa reli, ikaunganishwa hapa Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915.

Mwezi uliopita niliiweka kwenye kompyuta nyumbani, nikamwalika jirani yangu, mzee aliyefanya kazi bandarini miaka mingi na kusafiri na Liemba mara asizozikumbuka. Nilimtafsiria palipokuwa na haja. Mwanzoni kuna kanisa la kijijini, Waafrika wanaimba wimbo wa dini wasioujua, wanapiga mayowe tu huku mmisionari akihangaika kuongoza. Baadaye askari wa Kijerumani wanafika, wanachoma kijiji na kuwaswaga watu wote. Mmisionari anafariki kwa uchungu, dada yake anaondoka na mwenye boti, na safari inaanza.

Mzee alitazama mpaka mwisho bila kusema neno. Meli ilipolipuka alitikisa kichwa, akasema Liemba haikuzama hivyo. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916, wakiwa wameipaka grisi mitambo ili siku moja waje kuichukua, na Waingereza ndio walioiibua. Nikadhani hilo ndilo lililokuwa linamkera. Nikafunga kompyuta.

"Hebu ifungue," akasema. "Wale watu waliochomewa nyumba pale mwanzo, waliishia wapi?"

Niliirudisha nyuma, nikaipeleka mbele, tukatafuta pamoja. Hawapo tena popote.